Pikapu ya Kanakis Inavyokula Dizeli

Kanakis hakuwa mtu wa kukaa. Akiingia mkahawani aliagiza kahawa akiwa amesimama, akanywa nusu, akatoka nje kuutazama mlima, akarudi kumalizia iliyobaki, na kabla hujapata nafasi ya kumwuliza habari za kondoo ulisikia mlango wa pikapu umebamizwa na mtu ameshaondoka. Mwaka ule alikuwa na miaka sabini na mmoja, mwili mkavu, masharubu meupe, na viatu virefu vyeusi ambavyo hakuvivua hata Agosti. Tangu mkewe Ergina afariki, miaka miwili nyuma, kutotulia kwake kulizidi. Aliyekuwa akiumia ni mimi, kwa sababu gereji yangu iko kati ya nyumba yake na mlima, na kila alipokosa pa kwenda alikuja kwangu.

Mimi ni Miron, fundi wa magari. Nilimbatizia binti yake wa pekee, Garifalia, na kwetu Krete watu waliounganishwa na ubatizo wa mtoto huitana sintekne mpaka kufa, wala hawanyimani kitu. Ndiyo maana sikuwahi kumfukuza gerejini, ingawa siku za kutamani kufanya hivyo zilikuwa nyingi.

Basi asubuhi moja ya Mei alifunga breki mlangoni nikiwa chini ya trekta ya padri. Hakusalimia. Aliniambia pikapu yake inaibiwa dizeli.

Pikapu hiyo naijua kuliko ninavyolijua jiko la mke wangu. Ni ya Kijapani, ya mwaka themanini na nane, zamani ilikuwa nyeupe. Kamba ya kipima mwendo ilikatika miaka kumi na tano iliyopita, Kanakis akakataa niiweke mpya, akasema hana haja ya saa kumwambia anakwenda kasi gani. Hivyo kwake umbali haukuhesabiwa kwa kilomita. Ulihesabiwa kwa safari: kutoka nyumbani hadi zizini juu ya mlima Psiloriti na kurudi. Miaka yote tangi moja lilimpa safari kumi na mbili. Sasa, alisema, linampa nane.

Nilimwambia nane si kidogo kwa mzee kama huyo. Akaniuliza mzee gani, yeye au gari. Nikasema chagua. Hakucheka.

Wiki ile alifunga kufuli kwenye kifuniko cha tangi na akaanza kuwatazama wachungaji wenzake kwa jicho la pembeni. Kwetu, kuibiana kondoo ni aibu yenye hadithi ndani yake. Kuibiana dizeli ni aibu tupu, hata wa kuisimulia humpati. Kufuli halikuguswa, na safari zilibaki nane. Ndipo akahamia kwa Markantonis mwenye kituo cha mafuta, akamwambia mbele ya wateja kwamba anatia maji kwenye dizeli. Alitia dizeli kwenye mtungi wa kioo uliokuwa wa zeituni, akauweka dirishani siku tatu maji yajitenge. Hayakujitenga, kwa kuwa hayakuwapo. Markantonis akaacha kumsalimia, na mimi nikatumwa kupatanisha kwa chupa ya raki, pombe yetu kali ya zabibu. Nilikasirika kweli, maana raki ilikuwa yangu.

Hatimaye aliniletea funguo, kwa masharti. Nisiguse injini.

"Injini nzima," alisema. "Nimeisikiliza."

Hapo hukuweza kubishana naye. Kanakis alikuwa na sikio ambalo mafundi tungeomba tuuziwe. Mwaka tisini na sita aliniambia valvu ya tatu inagonga. Nilimcheka, nikafungua, ikawa ya tatu. Alijua ngoma ya breki iliyopasuka kabla gari halijapinda kona ya kanisa. Hata gia alibadili kwa sikio. Kwenye dashibodi ile hakuna mshale wa kuonyesha injini inavyozunguka, na kipima mwendo nimeshasema kilikufa. Alisikiliza tu, na injini ikimwomba gia, anaipa.

Jumapili moja Garifalia alikuja kutoka mji wa Rethimno, anakofanya kazi kwenye duka la dawa. Ana miaka arobaini, ana hasira za baba yake na macho ya mama yake, na huniita Nuno, baba wa ubatizo, hasa anapotaka kitu. Alimkuta baba yake uani akipimia tangi kwa fimbo. Sijui nani alianza. Nilipofika niliwakuta wanafokeana, na kiini chake ni hiki: mchungaji mmoja wa upande wa pili wa mlima alikuwa tayari kununua kundi lote, kondoo mia na themanini, siku ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa Oktoba, siku ambayo kwetu wachungaji huanza na huvunja mapatano. Garifalia alitaka baba auze. Alisema pensheni yote inaingia tangini, na mtu wa umri ule hana sababu ya kupanda mlimani kila siku kama anafukuzwa.

Kanakis alisema bila kondoo atakaa afanye nini. Lile neno "atakaa" alilitamka kama watu wengine wanavyotamka "atafungwa".

Basi wakakubaliana, na walikubaliana juu ya kichwa changu. Kama gari ni bovu, nilitengeneze, safari zirudi kumi na mbili, na Garifalia hatalitaja tena jambo la kuuza. Kama gari ni zima na bado linakula, basi baba amelemewa na kazi, na kundi liuzwe.

"Utakalosema wewe, Nuno, ndilo," Garifalia akasema.

"Sintekne hawezi kusema uongo," Kanakis akasema, kwa sauti yake kubwa, huku tayari anatafuta funguo aondoke.

Sikuwahi kuombwa kuwa hakimu, na kama wangeniuliza ningekataa. Mwisho wa Oktoba ulikuwa miezi minne mbele.

Nilianza na kichujio cha hewa. Kilikuwa kimejaa vumbi na sufu, na ndani yake panya alikuwa ameweka kiota na kokwa za lozi. Nilifurahi kama mtoto. Nilimwonyesha Kanakis, nikampigia simu Garifalia, nikaweka kichujio kipya, nikangoja. Safari nane na nusu. Ile nusu Kanakis aliisherehekea siku mbili, kisha akaanza tena kuja kupiga mateke matairi.

Nikajaza upepo matairi, yalikuwa laini. Nikafungua breki za nyuma, nikakuta moja inashika kidogo hata mguu ukiwa umeondolewa, nikailegeza. Nikalipapasa bomba la mafuta kuanzia tangini mpaka kwenye pampu nikitafuta unyevu, nikatoka nimechafuka na bomba likiwa kavu. Nikapanda nyuma kwenye bodi, nikakuta chini ya maturubai hori la jiwe la kunyweshea mifugo, zito kuliko sisi wawili. Nilimwuliza limekuwamo tangu lini. Akasema tangu Pasaka ya mwaka juzi, analipeleka kwa binamu yake, akipata nafasi ya kupita njia ile. Tulilishusha watu wanne. Safari tisa.

Septemba nikaivunja amri, nikagusa injini. Nilitoa nozo zote nne zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, nikazipeleka mjini kupimwa. Fundi wa mjini akanirudishia akasema zinanyunyiza vizuri kuliko za magari mapya. Kila nilichofungua nilikirudisha, nikawasha, nikachukua pikapu kuijaribu barabara ya juu. Inakwenda vizuri. Haitoi moshi, haisiti. Nikarudi, nikampa Kanakis, na wiki iliyofuata anakuja: tisa.

Nilianza kulichukia gari lile. Nilikula huku naliwaza, mke wangu akiniambia jambo nilimjibu habari ya pampu. Kanakis naye alikuja sasa mara tatu kwa siku, akisimama juu ya kichwa changu, akitembea toka mlangoni hadi kwenye meza ya spana na kurudi, na kila siku akitaja siku zilizobaki kufika Mtakatifu Dimitri. Aliogopa. Mtu aliyevuka theluji ya Februari na kondoo mabegani alikuwa anaogopa neno langu, na mimi neno sikuwa nalo.

Jumapili ya pili ya Oktoba, nikinawa mikono kwa sabuni ya unga, likanijia jambo la kijinga kabisa. Kwa karibu miezi minne nilikuwa nimeijaribu pikapu mara ishirini, na mara zote ishirini niliendesha mimi. Ndivyo tunavyofanya sisi mafundi: tukipewa gari, mwenyewe anabaki mlangoni na kahawa yake. Miaka arobaini ya usintekne na sikuwahi kukaa kwenye kiti cha abiria cha Kanakis, kwa kuwa hakuwahi kutulia kunisubiri.

Garifalia alikuwa amefika asubuhi ile, naye alitaka jibu. Nilimwambia anisubiri gerejini hadi alasiri. Nikamwambia Kanakis, leo napanda nawe.

Aliwasha, akatia gia ya kwanza, tukatoka. Akatia ya pili pale kisimani. Barabara inanyooka kuanzia hapo, kilomita nzima tambarare kupita mashamba ya mizabibu. Kanakis alikuwa akinieleza habari za jibini, kwamba mwaka huu maziwa yametoka mazito. Injini ikaanza kupanda. Nikangoja abadili. Ikalia. Nikatazama mguu wake wa kushoto nikidhani goti linamsumbua kukanyaga klachi. Mguu ulikuwa mzima, unasubiri. Mkono ulikuwa juu ya gia, unasubiri vilevile. Injini sasa ilikuwa inapiga resi ya kupasua, dashibodi inatetemeka, meno yangu yanatetemeka, na yeye anaendelea na maziwa, kichwa amekiinamishia upande wa kulia kidogo. Tuliyamaliza mashamba yote tukiwa gia ya pili.

Pale kwenye kikanisa cha pembeni ya njia ndipo alipotikisa kichwa ameridhika, akatia ya tatu.

"Hapo sasa," akasema. "Umesikia ilivyoomba?"

Ilikuwa imeomba, ikalia, ikakata tamaa. Nikageuka dirishani kwangu, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Kanakis, simama kidogo." Hakusimama. Nikasema tena. Akanyoosha mkono kunionyesha mzeituni uliopigwa na radi. Nilimgusa bega, ndipo akanitazama na kuniuliza kama nina kichefuchefu.

Tukafika zizini. Nilikuwa natafuta namna ya kusema na sikuipata, kwa hiyo nilisimama mbele yake nikamwambia wazi. Gari ni zima. Masikio yako ndiyo yamechoka. Hubadili gia kwa kuwa huisikii, na dizeli yote inaishia hapo.

Alicheka kwanza. Kisha uso ukabadilika.

"Hongera, fundi," akasema. "Gari limekushinda, sasa umemgeukia mwenye gari."

Aliniambia na mengine, ambayo sintekne humsamehe sintekne. Kwamba nimenunuliwa na binti yake. Kwamba mimi mwenyewe siwezi kutofautisha kengele ya kondoo na ya baiskeli. Hilo ni kweli. Kondoo wake wote wenye kengele aliwavisha kwa kuchagua mwenyewe, akizigonga dukani moja moja, akizikwangua kwa tupa nyumbani mpaka zipatane, na walipolisha pamoja mlimani watu walisimama njiani kusikiliza. Alikaa tu juu ya jiwe akijua nani anakula, nani anachechemea, nani amejitenga.

"Nitakuonyesha kiziwi," akasema.

Ilikuwa saa ya kundi kushuka kunywa maji. Aliketi kwenye ukuta mfupi wa mawe, akakipa mgongo kijia wanakopita, akaniamuru nisimame mbele yake nisiongee. Beberu anayewaongoza ana kengele kubwa kuliko zote, na Kanakis alisema atainua mkono akifika kwenye mwamba wa juu, hatua mia moja kutoka pale. Akaweka mikono magotini. Sikuwahi kumwona ametulia hivyo.

Walikuja. Beberu alikuwa mbele, akafika kwenye mwamba, nikatazama mkono wa Kanakis. Beberu akaupita mwamba. Nyuma yake kundi lote likamiminika, kengele kubwa na ndogo, bonde zima likajaa mlio mpaka nikaona nywele za mikono zimenisimama. Wakapita nyuma ya Kanakis, hatua nne tu. Mikono ilikuwa bado magotini. Uso wake ulikuwa na subira, hata furaha kidogo, kama ya mtu anayejua mgeni wake hachelewi.

"Leo wamekwenda mbali," akaniambia.

Nilimhurumia mpaka nikaona aibu kumtazama. Beberu akauzunguka ukuta, akaja kwenye hori, akainama kunywa mbele ya magoti ya Kanakis, na kengele ikawa inayumba shingoni.

Kanakis aliitazama kengele ile muda mrefu. Kisha akainuka, akamshika beberu pembe, akaifungua kengele, akaitikisa kwenye sikio la kushoto. Akaihamishia la kulia, akaitikisa tena, karibu kabisa, mpaka chuma kikagusa nywele.

"Hapa ipo," akasema. "Kidogo."

Akaifunga tena shingoni kwa beberu, polepole, akajaribu ukanda kama umekaza. Aliniuliza kama watu wanajua. Nikamwambia mimi nimejua leo, na mimi ni mtu wa kukuona kila siku. Aliwafungia kondoo, tukapanda garini.

Kushuka aliendesha yeye. Ilipofika wakati wa gia ya tatu niligonga dashibodi mbele yake kwa vidole viwili, naye akabadili. Nikagonga tena, akatia ya nne. Tulishuka hivyo mlima mzima, na injini ilikwenda kwa upole ambao pikapu ile haikuwa imeuona siku nyingi. Njiani niliamua kwamba nitadanganya. Ningemwambia Garifalia ni pampu, pampu ya zamani, nimeigundua leo, naibadili kesho. Ningegonga dashibodi ile kila siku hadi mmoja wetu afe kama ingelazimu. Kundi lile likiuzwa Kanakis hatafika Krismasi, hayo yalikuwa mawazo yangu.

Garifalia alikuwa ameketi kwenye kiti changu mlangoni. Akasimama tuliposhuka, akaniuliza kwa macho.

"Pampu," nikaanza.

Kanakis akaniwekea kiganja kifuani.

"Gari zima," akasema. "Mimi ndiye sisikii."

Alilisema kwa sauti kubwa, kama alivyosema kila kitu miaka ya karibuni, na sisi tulidhani ni ukali. Garifalia hakufurahia ushindi. Alimtazama baba yake kama mtu anayefanya hesabu ya kurudi nyuma, mwezi kwa mwezi. Kisha akaja karibu naye, karibu sana, uso kwa uso.

"Siku tulipomzika mama," akasema, "pale kaburini, nilikuuliza kama unataka nirudi kijijini nikae na wewe. Nilikuuliza mara mbili. Ulitazama mbele, hukunijibu. Nikaona hunitaki."

Kanakis alimkazia macho midomoni. Nadhani alikuwa anaisoma midomo yake tena, neno baada ya neno, kuhakikisha ameyapata yote.

"Ulisimama upande gani?" akamwuliza.

"Kushoto."

Nilipaswa kuondoka, wala sikuondoka. Kanakis alimshika binti yake mabega yote mawili, akamzungusha taratibu, akamsimamisha upande wake wa kulia, karibu na sikio. Kisha akatazama mbele, kama siku ile.

"Niulize tena," akasema.